Hapa Kuko Sisi na Maziwa Tu

Ukiuliza pale Kirolirwe, kwenye vilima vya Masisi, nani anaweza kufufua radio iliyokufa, watakuonyesha kibanda cha mbao pembeni ya soko, chenye pano soleri moja juu ya bati na simu kumi na tano zimelala mstari zikichajiwa. Hapo njo kwa Papa Védaste. Ni mtu mrefu, mwembamba, anayevaa koti la baridi hata jua likiwaka, na ana tabia moja inayochosha wateja: hakuna kitu anachokifuta. Ukimletea karte memware ya simu yako akusafishie, kwanza anaweka kopi.

"Leo unasema futa," anasema, "kesho unarudi hapa unalia juu ya foto ya mama yako."

Kopi hizo anazitia ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga, pamoja na misumari na vipande vya waya. Watu humcheka. Athanasie, mke wake, alikuwa akisema siku moja kopo lile litaanza kuongea lenyewe. Maskini mama wa watu, hakujua anachokisema.

Sasa sikilizeni. Tangu mvua za mwaka huu zianze, Papa Védaste aliacha kunywa maziwa. Mwanamume wa vilima hivi, aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, aliyekua akifukuza ndama na fimbo, anawekewa kikombe mbele yake na anakisukuma! Athanasie alimpikia uji, akamchemshia majani ya dawa, akamwuliza kama ni tumbo. Hapana, si tumbo. Kama ni meno. Hapana, si meno.

"Basi iko nini?" alimwuliza.

"Niache, mama. Itapita."

Haikuwa ya kupita. Ilikuwa aibu, tena aibu ya mtu mwenye kosa ambaye hakuna anayemdhania. Aibu ya namna hiyo haina dawa ya majani.

Mambo yalianza kiangazi kilichopita, alipoitwa kwa Ekselansi. Huyo Ekselansi ni mwana wa huku huku aliyefika Kinshasa akawa waziri, akaachishwa, akarudishwa, akaachishwa tena, ila jina la Ekselansi lenyewe halikuachishwa hata siku moja. Ana ferme kubwa ya ng'ombe juu ya kilima, na nyumba yenye salo ya kupokelea wageni ambayo ungeweza kufunga humo ng'ombe ishirini. Akija kupumzika, watu wanapanda kumwona: huyu na shida ya shamba, yule na kesi ya mwanawe.

Alimkalisha Papa Védaste kwenye kiti chenye mito, akampa maziwa, akamngoja amalize, kisha akamwambia shida yake. Alitaka mashine ya kurekodi kila neno linalosemwa mle salo, bila wageni kujua.

"Usiogope, papa," alisema. "Wakubwa wote wa dunia wanafanya vile. Kule Amerika marais sita, mumoja nyuma ya mwenzake, walirekodi wageni wao. Wa mwisho alikuwa na mikro ndani ya meza yake na ndani ya lampe za ukuta, na mashine yenyewe inaamuka mutu akifungua kinywa. Hii si upelelezi. Iko kumbukumbu ya taifa. Siku moja nitaandika kitabu."

Hebu mfikirie fundi wa kibanda, aliyejifunza kazi kwa kuharibu radio za baba yake, anaambiwa afanye kazi iliyofanywa kwa marais. Kichwa kilimvimba. Hakuuliza hata swali moja. Alianza palepale kuzungusha macho ukutani, akipima.

Ekselansi alitaka mikro iwekwe kwenye lampe, kama ya yule Mwamerika. Na hapa njo pale Papa Védaste angepaswa kunyamaza, kuweka mikro kwenye lampe, na kwenda nyumbani. Pengine mambo yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini fundi mwenye sifa hawezi kunyamaza.

"Ekselansi, watu wetu si watoto," alisema. "Wakiingia kwa mukubwa wanaangalia lampe, wanaangalia chini ya kiti, simu wanaziachia sentineli kwenye mulango. Weka pale."

Akanyoosha kidole kwenye ruhimbi.

Ruhimbi ni ile sehemu ya nyumba inapopangwa vyombo vya maziwa. Ekselansi alikuwa amejengewa ya kifahari, ya mbao nyeusi, na juu yake icyansi tano, vile vyombo virefu vya mti vyenye vifuniko vya kusukwa. Na kila mtu wa ng'ombe anajua heshima yake. Mgeni anapokea maziwa kwa mikono miwili, anakunywa, anarudisha kwa mikono miwili, na haendi kugusa vyombo vya mwenye nyumba. Hata kuvikaribia havikaribii. Tena hakuna anayemwuliza mgeni shida yake kabla hajanywa. Akishakunywa, moyo unafunguka, maneno yanatoka. Wakulima jirani wa vilima hivi nao wameizoea desturi hiyo, kwa sababu wamekunywa pamoja na wafugaji miaka mingi.

Ekselansi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Papa Védaste," alisema, "weye ungefaa kuwa waziri."

Sifa hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Ndani ya wiki moja kazi ilikuwa imekwisha: mikro kama punje ya haragi ndani ya kifuniko cha icyansi ya katikati, ambayo ilikuwa tupu, waya umepita nyuma ya mbao, na mashine ndogo chini, inayoamka mtu akisema. Kila siku ya kwanza ya juma Papa Védaste alipanda kubadilisha karte. Alisikiliza kidogo kwa kasi, vile visikilizio vya kuvaa masikioni, ahakikishe sauti ni safi, kisha akaweka kopi yake kama kawaida, akampelekea gérant, msimamizi wa ferme, karte yenyewe. Kazi ni kazi, alijiambia.

Siku moja akasikia sauti za watu anaowajua.

Mmoja alikuwa Valens, mfugaji jirani yake, mtu wa maneno machache na kofia ya majani, anayemletea maziwa kila asubuhi. Wa pili alikuwa Edmond, mkulima wa mteremko wa chini, ambaye ukoo wake umelima maharagi na mihogo hapo tangu mababu. Hawa wawili ni marafiki wa ng'ombe. Mwaka wa kukimbia vita, Edmond alimficha mama yake Valens jikoni kwake majuma matatu, na baadaye Valens akamletea mtamba mwekundu aitwaye Gaju, akamkabidhi kamba mbele ya watu. Ukimpa mtu ng'ombe namna hiyo mmekuwa ndugu. Watoto wenu ni ndugu. Hamuoneani, hamuuzani.

Walikuwa wamepanda kwa Ekselansi juu ya chemchemi. Seng'enge ya ferme ilikuwa imetembea, kama seng'enge za wakubwa zinavyotembea, mpaka ikameza maji ambayo ng'ombe wa Valens wanakunywa na mashamba ya Edmond yanapata unyevu. Ekselansi aliwapa maziwa, akawasikiliza, kisha akasema anaitwa kwenye simu, akatoka. Wakabaki wawili. Na kwenye kasi zake Papa Védaste alisikia kila kitu.

"Anasema kama hatuna karatasi," Edmond alinong'ona. "Karatasi iko. Ile ya wakati wa Wabelji, yenye kuonyesha mupaka."

"Tungoje inje, Edmond," Valens akasema. "Tusiongelee hapa."

"Nani atasikia? Hapa kuko sisi na maziwa tu. Iko kwa shangazi yangu Mapendo, kule Kibabi. Ndani ya mufuko wa maharagi ya mbegu, kule chini kabisa."

Papa Védaste alivua kasi masikioni. Alikaa pale kibandani akitazama karte ile, ndogo kuliko ukucha, na alijua, msiniambie hakujua, alijua vizuri kabisa kwamba akiifuta hakuna atakayegundua. Mashine huharibika. Batri huisha. Angesema neno moja tu, "Ekselansi, mara hii haikurekodi," na mambo yangeishia hapo.

Lakini aliona aibu kusema mashine yake imeharibika. Ndiyo, aibu hiyo! Fundi wa marais! Akaweka kopi ndani ya kopo, akapeleka karte kwa gérant.

Siku nne baadaye watu wawili juu ya motari, yaani pikipiki, walifika Kibabi kwa Mama Mapendo. Hawakuuliza kitu. Hawakupekua kitanda wala sanduku. Walikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa maharagi ya mbegu, wakaumwaga chini, wakachukua karatasi wakaondoka. Mama yule alibaki akiokota mbegu zake moja moja na kulia.

Edmond hakuhitaji kufikiri sana. Siri aliitoa mara moja, kwa mtu mmoja, ndani ya chumba kisicho na mtu wa tatu.

"Nilikuambia tuongelee inje!" Valens alimwambia.

"Ulisema vile juu ya kujifunika," Edmond akajibu. "Ili kesho useme ulinikataza. Valens, walikupa nini?"

Neno hilo lilisambaa kwenye vilima. Valens ameuza. Wenye motari wanaobeba maziwa kwenda kwa watengeneza fromaji, yaani jibini, wakaanza kupita bidoni yake ya maziwa bila kusimama. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi. Binti yake Umulisa alirudi kutoka mtoni ndoo tupu, kwa sababu wenzake walimwambia aende akachote kwenye chemchemi ya Ekselansi, si baba yake aliisaidia?

Na kila asubuhi, kila asubuhi ya Mungu, Valens alifika mlangoni kwa Papa Védaste na kopo lake la maziwa.

"Weye tu njo unapokea bado," alimwambia siku moja. Macho yalikuwa mekundu. "Mungu akubariki, Papa Védaste. Nikifikiria kama hata weye ungenifungia mulango, sijui ningefanya nini."

Papa Védaste alipokea maziwa yale kwa mikono miwili. Aliingia ndani, akayaweka mezani, akatoka nyuma ya nyumba akatapika. Tangu siku hiyo hakunywa tena.

Alijitetea, kama sisi wote tunavyojitetea. Alijiambia kwamba akisema, Ekselansi atammaliza. Kwamba karatasi imekwenda, haitarudi. Kwamba hasira za Edmond zitapoa zenyewe. Halafu, siku ya nne ya juma moja lenye ukungu, Mama Uwingabire wa sokoni alimletea radio iliyokuwa inakoroma. Papa Védaste alipoichomea waya ikashika kituo kimoja, na humo walikuwa wakieleza historia ya viongozi waliorekodi watu kwa siri. Alitaka kubadilisha. Mkono ukagoma.

Kumbe Ekselansi alikuwa amemsimulia nusu tu! Ni kweli marais wale sita walirekodi, na wa mwisho alikuwa na mikro kwenye meza na kwenye lampe. Lakini hakumwambia kwamba kanda zile zile njo zilimwangusha. Na hakumwambia habari ya yule mfanyakazi wa ofisi, mmoja wa watu wachache waliojua mashine ziko wapi. Wakubwa wa bunge walimwita, wakamwuliza mbele ya dunia nzima: kuna mashine za kusikiliza mle ofisini? Naye akajibu kwamba zipo.

Papa Védaste alizima radio. "Yeye walimuuliza," alisema peke yake.

Hapo njo alipojua ugonjwa wake. Miezi yote ile alikuwa anangoja kuulizwa. Mtu mmoja tu angekuja kibandani, amtazame usoni, aseme, "Papa Védaste, mle salo kuko mashine?" na yeye angesema ndiyo, apumue. Lakini nani wa kumwuliza? Nani kwenye vilima vyote hivi angewaza kwamba mtu wa ng'ombe anaweza kuweka sikio ndani ya icyansi?

Mama Uwingabire aliporudi kuchukua radio yake alileta na habari. "Umesikia? Edmond anarudisha ng'ombe. Kesho kutwa, siku ya sita, ile ya posho. Amemwita katekista Niyonsenga awe shahidi."

Chuma cha kuchomea kilimwanguka mkononi. Kurudisha ng'ombe wa urafiki! Watu hugombana, hupelekana kwa chefu wa kijiji, hutukanana hata mbele ya kanisa, lakini ng'ombe hubaki. Akirudishwa, akipokewa kamba, hakuna tena undugu wala wa watoto wala wa wajukuu, na mwenye kurudishiwa anabaki na jina la msaliti mpaka kaburini. Wengine huhama.

Siku ya posho asubuhi Athanasie alimkuta amekaa kitandani na kopo la misumari mapajani.

"Uko natafuta nini humo?"

Akamwambia. Yote, kuanzia kiti chenye mito mpaka mfuko wa maharagi. Athanasie alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa yao. Kisha akauliza, "Ndani ya icyansi?"

"Ndani ya kifuniko."

"Yesu wangu," alisema Athanasie, akajishika kichwa. Baadaye kidogo akamtupia koti. "Simama. Wamekwisha kufika kule kwa Valens."

Alikimbia, mzee wa miaka hamsini na sita, bafle, ile spika ya kibandani, kwapani, matope mpaka magotini. Uwanja wa Valens ulikuwa umejaa watu waliosimama kimya. Edmond alikuwa katikati, ameshika kamba ya Gaju, ndama nyuma yake. Katekista Niyonsenga alikuwa pembeni na uso wa maziko. Valens alikuwa amevua kofia, ameinyoosha mikono miwili mbele kupokea kamba.

"Usikamate!" Papa Védaste alipiga kelele. "Valens, usikamate kamba!"

Watu wakageuka. Hakuwa na pumzi ya kueleza. Aliweka bafle juu ya kisiki, akatia karte, akabonyeza. Kwanza ilitoka sauti ya kikombe kikiwekwa juu ya mbao. Mtu akakohoa. Kisha, wazi kabisa mbele ya watu wote: *Tungoje inje, Edmond. Tusiongelee hapa.* Na sauti ya Edmond mwenyewe: *Nani atasikia? Hapa kuko sisi na maziwa tu.*

Mke wa Valens alikaa chini kwenye majani akaanza kulia. Edmond hakusogea. Aliisikiliza mpaka mfuko wa maharagi, mpaka mwisho, midomo ikifuata maneno yake mwenyewe.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Kwa Ekselansi. Mule salo."

"Nani aliiweka?"

Lile swali. Lilikuwa limefika. Na msidhani uongo haukuwepo karibu, ulikuwepo tayari ulimini: mafundi walitoka Kinshasa, mimi karte nimeiokota tu. Kila mtu angeamini. Wangempigia makofi, wangemnywesha.

"Mimi," alisema Papa Védaste.

"Ndani ya lampe?" aliuliza katekista.

"Ndani ya icyansi. Ekselansi alitaka lampe. Mimi njo nilimuambia aweke kwenye ruhimbi, juu najua vyombo vile hatugusake."

Hakuna aliyepiga kelele. Angependa wapige. Valens alimsogelea, kofia bado mkononi.

"Ulisikia maneno yetu mbele ya kuwapa karte?"

"Nilisikia."

"Ukawapa."

"Nikawapa."

"Na kila asubuyi nilikuletea maziwa."

"Ndiyo, kaka."

Valens alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta njia aliyoizoea na haioni. Kisha akageuka. Edmond alikuwa amezungusha kamba ya Gaju mkononi mwake mara mbili, akaishika kwa nguvu, na kwa mkono wa pili akamshika Valens begani. Alilia wazi mbele ya watu, bila kujificha. "Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe." Wakaingia ndani pamoja, na watu wakawafuata. Papa Védaste alibaki uwanjani na bafle yake, na ndama akimnusa koti.

Juma lililofuata gérant wa ferme alituma neno kwamba Ekselansi amesikia, na kwamba Papa Védaste ataona. Athanasie alianza kufunga mlango hata mchana. Papa Védaste mwenyewe, ajabu, hakuogopa sana. Alikuwa akingoja jambo lingine. Kila asubuhi alifungua mlango saa ile ile ya Valens, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Siku ya kumi, mvua ikinyesha ile mvua nyembamba ya Masisi isiyokwisha, mlango ukabishwa. Walikuwa Valens na Edmond, wote wawili wameloa. Papa Védaste aliwakaribisha akigongana na viti. Athanasie alikimbilia ruhimbi yake, ile ndogo ya ubao mmoja, akawamiminia maziwa. Walipokea kwa mikono miwili. Wakanywa taratibu mpaka mwisho, wakarudisha kwa mikono miwili, wakasema aksanti mama. Papa Védaste naye alikunywa, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, na maziwa yakapita kooni. Alifikiri: wamenisamehe.

"Wageni wangu," alisema, "semeni sasa. Nawasikiliza."

Edmond alimtazama Valens. Valens alitazama ruhimbi ya Athanasie, akatazama kila icyansi, moja moja, mpaka kwenye vifuniko vyake vya kusukwa.

"Tuko natafuta mutu wa kusema ukweli mbele ya chefu, juu ya ile chemchemi," alisema. "Tumekusamehe, Papa Védaste. Njo maana tumekuja." Akasimama, akavaa kofia yake. "Lakini tuende inje. Tuongelee kule."

Athanasie alifunika uso na kitenge chake. Papa Védaste alichukua koti lake, akawafuata kwenye mvua.